Kuchekwa na kuteswa kwa ajili ya Kristo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa miaka kadhaa: darasa la kipaimara, semina za vijana, vikao vya akina mama, na mengine kwenye simu, maana kuna watu hawaulizi mpaka saa sita za usiku. Tumeyaacha kwa maneno ya waulizaji kadiri ilivyowezekana. Si lazima uyasome yote. Tafuta lako, na pale swali moja linapogusa jingine tumekutajia namba.

## Mambo ya msingi

1. Ofisini wananiita "mlokole". Hayo ni mateso, au najipa umuhimu tu?

Mara nyingi ni utani, na utani haujamuua mtu. Anayekuita mlokole asubuhi na jioni akakukopesha nauli hakutesi.

Neno lenyewe lina historia yake. Limetoka Uganda: kwa Kiganda *balokole* ni waliookolewa. Uamsho ulipowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliokuwa wakiungama dhambi hadharani na kurudisha vitu walivyoiba walionekana vituko. Jina hilo walirushiwa kwa kejeli, wao wakaliokota na kulivaa. Na "Mkristo" je? Matendo 11:26 inasema wanafunzi *waliitwa* Wakristo huko Antiokia, haisemi walijiita. Petro alipoandika baadaye kwamba mtu akiteswa kwa jina hilo "asione haya", bila shaka alijua wapo waliokuwa wanaliona haya.

Hata hivyo tusimdharau anayeumia. Waebrania 11:36 inaweka dhihaka kwenye mstari mmoja na mapigo na kifungo. Dhihaka inageuka mateso pale inapoanza kukunyang'anya kitu: zamu kazini, chumba cha kupanga, mchumba, nafasi ya kusikilizwa kwenye kikao cha ukoo.

2. Nitajuaje kama nateswa kwa ajili ya Kristo, na si kwa ajili ya makosa yangu?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aanze nalo, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote.

Petro anatoa orodha fupi (1 Petro 4:15): mtu asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, au kama mtu "ajishughulishaye na mambo ya watu wengine". Soma tena hiyo ya mwisho. Mbea kapangwa foleni moja na mwuaji! Mwenye kuchunguza ndoa za majirani kisha akanuniwa mtaa mzima hana msalaba wowote, ana mdomo.

Kipimo tunachotumia darasani ni rahisi. Chukua kisa chako, toa jina la Yesu, uone kinachobaki. Kijana mmoja alitujia na barua ya onyo kutoka kazini, akisema bosi ni adui wa Injili. Tukaisoma. Alikuwa anasoma Biblia dirishani saa mbili hadi saa nne asubuhi huku wateja wamepanga mstari hadi nje. Weka gazeti la michezo mahali pa Biblia: barua ya onyo ingeandikwa vilevile. Mwingine alifukuzwa kwa sababu alikataa kusaini risiti ya mafuta ambayo hayakununuliwa, akasema wazi kwamba yeye ni Mkristo na hawezi. Hapo ukitoa jina la Yesu, sababu yake ya kukataa inaondoka nalo. Huyo anateswa.

3. Kwa nini watucheke? Hatujamkosea mtu.

Kwa sababu kiini cha imani yetu, ukikitazama kwa macho ya nje, kinachekesha kweli. Tunamwabudu mtu aliyenyongwa na serikali.

Mwaka 1857 wachimbaji wa mambo ya kale huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, walikuta mchoro uliokwanguliwa kwenye lipu ya ukuta. Wengi wanaukadiria kuwa wa karibu mwaka 200. Ni mchoro wa ovyo, kama ile inayochorwa kwa msumari kwenye milango ya vyoo vya shule: mtu ametundikwa msalabani, ila kichwa chake ni cha punda. Chini yake kasimama kijana, mkono mmoja umeinuliwa kama wa mtu anayesali. Pembeni, kwa Kigiriki chenye makosa, imeandikwa kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake.

Ndiyo moja ya picha za kale kabisa za Yesu msalabani tulizonazo, na imechorwa na mtu aliyekuwa anacheka. Jambo la kufurahisha ni kwamba chumba kingine cha jengo hilohilo kilikutwa na maneno mawili ya Kilatini: Alexamenos mwaminifu. Kama aliyaandika yeye mwenyewe au rafiki yake, hakuna ajuaye.

4. Mimi sijawahi kuteswa hata siku moja. Wokovu wangu una kasoro?

Hapana. 2 Timotheo 3:12 inasema wote wapendao kuishi maisha ya utauwa watapata kuudhiwa, lakini haijasema lini wala kwa kiasi gani. Mshukuru Mungu kwa amani, na usiende kutafuta ugomvi ili upate ushuhuda (tazama swali la 16).

## Kazini, shuleni na kwenye simu

5. Nijibu nini wanaponicheka?

Inategemea nani anacheka, na kwa nini.

Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilikuwa mtunza stoo. Mchana tulikula kwa mama lishe, watu sita kwenye benchi moja. Nikiinamisha kichwa kushukuru, mwenzangu mmoja ananyoosha mkono na kuchukua nyama kwenye bakuli langu. Nikifumbua macho nakuta mchuzi unatikisika, vipande viwili vimekuwa kimoja, na watu wote wanatazama barabarani kwa utulivu wa ajabu. Wiki ya kwanza nilinuna. Wiki ya pili nilihubiri, nikawaambia habari za Belshaza na vyombo vya hekalu. Wakacheka mpaka mama lishe akaacha kukaanga. Wiki ya tatu nikasali macho wazi, nimeikodolea nyama, nikamaliza kwa "Amina, na mkono wako nauona." Tukacheka wote. Mchezo ukafa siku hiyo. Huyo mwenzangu hakuwahi kuokoka, na tulipoachana kazini alikuwa bado ananiita Askofu.

Kwa hiyo kucheka pamoja nao ni jibu. Kunyamaza pia ni jibu, hasa mtu asipotaka kujua chochote: Herode alimhoji Yesu kwa maneno mengi, wala hakujibiwa hata moja (Luka 23:9). Na kuna wakati wa kusema. Mtumishi alipompiga Yesu kofi, hakunyamaza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Ni swali la haki, limeulizwa bila tusi. Anayeuliza kwa kutaka kujua, hata kama anauliza huku anacheka, mjibu "kwa upole na kwa hofu" kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza. Tatizo letu walokole ni kwamba mstari huo tunaukariri hadi neno "kumjibu" tukaishia hapo.

6. Nimekataa kula rushwa, sasa wananiita mnoko na nimehamishwa kituo. Nifanye nini?

Kwanza pole. Haya ndiyo mateso ya kawaida kabisa ya Mkristo katika nchi zetu, ingawa hayatolewi ushuhuda kwa sababu hayana damu.

Weka kumbukumbu: barua, tarehe, nani alisema nini. Tumia njia za rufaa zilizopo. Si ukosefu wa imani (swali la 13). Na usiwafanye wenzako wote kuwa wana wa Ibilisi. Wengine wanachukua kwa sababu ada ya shule inadaiwa Jumatatu, na siku moja watakutafuta wewe kwa sababu walikuona ukikataa. Au hawatakutafuta.

7. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu wanarusha vichekesho vya Yesu. Nitoke?

Ukitaka, toka, bila hotuba ya kuaga. Ukibaki, mwandikie pembeni yule anayerusha, mara moja, kwa lugha ya kawaida. Usilijaze kundi mistari ya Biblia saa kumi alfajiri, wenzako wamelala.

## Nyumbani na kwenye ukoo

8. Nimebadili dini na ndugu zangu wamenitenga. Nikate uhusiano?

Wakikata wao, umekatwa, wewe usikate. Ndugu wa Yesu wenyewe walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili (Marko 3:21), na Yohana 7:5 inakiri kwamba hawakumwamini. Lakini Matendo 1:14 inawataja ndugu hao orofani wakisali pamoja na mama yake. Kati ya mistari hiyo hakuna mahali alipowatangazia uadui.

Kivitendo: endelea kumwamkia baba shikamoo hata asipoitika. Nenda msibani. Peleka sukari. Usipande jukwaani kusimulia jinsi dini ya nyumbani kwenu ilivyo ya giza, hata mwinjilisti akikupa kipaza sauti na kukusihi. Maneno hayo yatafika kwa mama kabla hujafika wewe. Ikiwa kuna tishio la kweli la kudhuriwa, soma swali la 12 kwanza, sukari baadaye.

9. Ukoo una tambiko, wananitaka niwepo. Nisipokwenda wanasema nimewatupa wazee.

Tenganisha kuwepo na kushiriki. Naamani alipomwamini Mungu wa Israeli aliomba radhi mapema: bwana wake atakapoingia nyumba ya Rimoni akiegemea mkono wake, naye atainama. Elisha akamjibu "Enenda kwa amani" (2 Wafalme 5:18–19). Hakumpa hotuba.

Wengi wetu tunaweza kwenda, kupika, kuchota maji, kulipa mchango wa chakula, na kukaa kando wakati wa kumwaga pombe kaburini. Mwambie baba mdogo mapema, faraghani, usimuumbue mbele ya watu siku yenyewe. Makanisa hayalingani katika hili, na dhamiri hazilingani pia. Ukiona hata kuwepo kwako kunakuvunja moyo, usiende, ila peleka mchango.

10. Mume wangu ananipiga kwa sababu naenda kanisani. Mchungaji amesema nivumilie, ni msalaba wangu.

Hapana, mama. Hapana kabisa.

Kupigwa nyumbani ni uhalifu, sababu iwe kanisa, chumvi au simu. Mwanamume anayempiga mkewe leo kwa ajili ya ibada, kesho atapata sababu nyingine. Mstari unaotumika kukufunga mdomo ni 1 Petro 3:1, kwamba mume asiyeamini avutwe kwa mwenendo wa mke. Mwenendo ni upendo, uaminifu na utulivu wako. Mwili wako kuwa ngoma haumo katika mstari huo. Paulo anasema asiyeamini akiondoka, aondoke, "Mungu ametuita katika amani" (1 Wakorintho 7:15).

Ondoka mahali pa hatari, na watoto. Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda hapo. Mtoto akidhurika, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Tafuta mtu mzima kanisani anayekuamini, na kama mchungaji wako anarudia neno "vumilia", badilisha mshauri. Kuvumilia kunakosifiwa kwenye Biblia ni kwa mtu asiyeikana imani. Hakuna mtume aliyekataa kutoka gerezani mlango ulipofunguliwa kwa sababu anapenda minyororo.

## Kukimbia, kushitaki, kukana, kufa

11. Mashahidi wa Uganda walikufa kwa ajili ya imani au kwa ajili ya siasa?

Kwa upande wa aliyewaua, vyote viwili. Kwa upande wao, imani.

Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana mdogo. Wazungu walikuwa wananyemelea kutoka pwani, na dini mpya ilikuwa imewapa vijana wa ikulu bwana mwingine aliye juu ya kabaka. Kwa Kiganda waliitwa *abasomi*, wasomaji, maana kujifunza dini kulikuwa kujifunza kusoma. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Rugarama aliyekuwa bado mtoto, waliuawa Busega kwa kukatwa mikono na kuchomwa moto. Habari zilizoandikwa na wamisionari wa wakati ule zinasema mkuu wa askari aliwadhihaki kwanza: ninyi mnaomjua Isa Masiya, mnaamini mtafufuka? Basi niwachome tuone. Na zinasema vijana hao waliimba, kwa Kiswahili, "Kila siku tumsifu". Msomaji wa Kiswahili atulie kidogo hapo. Kabla lugha hii haijawa ya bunge wala ya redio, ilishaimbwa motoni.

Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa kuingia nchi kutokea mashariki, njia iliyoogopwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe alimkemea kabaka kwa mauaji hayo. Akauawa tarehe 15 Novemba. Mwaka uliofuata hasira iliwaka juu ya vijana wa ikulu waliokataa kufanya na mfalme mambo ambayo imani yao iliyakataza. Wanaosali waliamriwa wasimame kando. Wakasimama. Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, kundi kubwa lilichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, polepole. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimsihi sana Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani mwake, akane. Hakukana.

Majina yanayokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23. Ni vema kukumbuka pia kwamba miaka kumi hivi kabla yao, chini ya Kabaka Mutesa, makumi ya vijana Waislamu waliuawa Buganda kwa kuishika dini yao kuliko amri ya mfalme. Wanaokwenda hija Namugongo kila Juni hawaambiwi habari hiyo mara nyingi.

12. Kukimbia ni kumkana Kristo?

Si kumkana. "Lakini watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine" (Mathayo 10:23). Ni amri ya Yesu mwenyewe. Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu.

Kipriano, askofu wa Karthago, alijificha mwaka 250 kaisari Decius alipowatesa Wakristo, akawa anaongoza kanisa kwa barua, na wapo waliomsema. Mwaka 258 hakukimbia, akakatwa kichwa. Mtu huyohuyo, nyakati mbili, maamuzi mawili.

Huku kwetu, Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alibaki, na tarehe 16 akauawa mikononi mwa serikali ya Idi Amin pamoja na mawaziri wawili. Redio ikatangaza ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, rafiki yake, alishauriwa aondoke. Akavuka mpaka kwenda Rwanda na mkewe. Miaka iliyofuata alizunguka dunia akisema amemsamehe Amin. Anayetaka kumwita Kivengere mwoga ajaribu kwanza kusema maneno hayo juu ya mtu aliyemtoa damu ya pua tu.

13. Naruhusiwa kwenda polisi au mahakamani? Si tumeambiwa tugeuze shavu la pili?

Unaruhusiwa. Shavu la pili linazuia kisasi, halifuti sheria. Paulo alipokuwa karibu kupigwa mijeledi alitaja uraia wake wa Kirumi (Matendo 22:25), na mbele ya Festo akakata rufani kwa Kaisari. Kule Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Alitaka waliompiga waje wenyewe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, na ya Kenya, ibara ya 32, zinalinda uhuru wa dini. Zitumie, kwa ukweli na bila kuongeza chumvi kwenye maelezo ya polisi.

14. Nilikana. Waliniuliza kama mimi ni Mkristo nikasema hapana. Nimekwisha?

Hujaisha. Petro alikana mara tatu kando ya moto wa makaa, na kando ya moto mwingine wa makaa, ufuoni, akaulizwa mara tatu kama anapenda. Yohana hakuweka makaa hayo mara mbili kwa bahati.

Kanisa la kale liliwahi kuwa na watu kama wewe kwa wingi. Decius alipoagiza kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti, wengi walitoa, na wengine walihonga maofisa wapate cheti bila kutoa. (Vyeti vya kununua havikuanza juzi.) Dhoruba ilipopita wakaja mlangoni wanalia. Novatiano huko Roma alisema wasipokewe tena kanisani. Kipriano na wenzake walisema wapokewe, baada ya toba ya kweli iliyopimwa. Kanisa lilifuata njia ya akina Kipriano. Mweleze mchungaji wako. Usibebe peke yako.

15. Baada ya yaliyotokea Garissa, nashindwa kutowachukia Waislamu.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, na waliolengwa walikuwa Wakristo. Baadhi walikuwa wameamka kwa ajili ya sala ya alfajiri. Hasira yako haishangazi na hatutaikemea.

Lakini iweke kando ya siku nyingine ya mwaka huohuo. Tarehe 21 Desemba, magaidi walisimamisha basi karibu na Mandera wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wengine waliwavisha Wakristo nguo zao za kujifunika wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa kati ya waliokataa kutengwa. Alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Ukitaka kuchukia, wachukie waliopiga risasi mara zote mbili, kisha uanze kazi ngumu ya Warumi 12:14, "Wabarikini wanaowaudhi", kwa kasi unayoiweza.

## Kesi za pembeni

16. Mhubiri wetu anasema tujitafutie mateso, tufunge hata kufa ili tumwone Yesu.

Ondoka leo. Chukua watoto, toa taarifa polisi. Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu waliofundishwa hivyo.

Kanisa halikuwahi kusifu jambo hili hata lilipokuwa linawindwa. Simulizi ya kifo cha Polikarpo wa Smirna, karne ya pili, inamtaja mtu aitwaye Kwinto aliyejipeleka mwenyewe kwa wakuu na kuwashawishi wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama wakali akatetemeka, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Mwandishi anasema wazi: hatuwasifu wanaojisalimisha wenyewe. Polikarpo alikuwa mzee. Alihamishwa shamba hili hadi lile akijificha, na alipokamatwa akaomba wale waliokuja kumkamata waandaliwe chakula.

17. Naitwa msaliti wa kabila langu kwa sababu nimekataa kuchagua upande. Hayo nayo ni mateso ya imani?

Yanaweza kuwa, na ni katika yale machungu zaidi, kwa sababu anayekutemea mate ni binamu yako. Kenya ya miaka ya 1950, Wakikuyu wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Wakaonekana wasaliti pande zote mbili, na wapo waliouawa. Malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli, na baadhi yao walinyang'anywa kama wengine; walichokikataa ni damu. Kanisa kuu la Murang'a lilijengwa kwa kumbukumbu yao, na michoro yake, iliyochorwa na Elimo Njau wa Marangu, inamwonyesha Kristo Mwafrika katika mandhari ya Kiafrika.

Na Buta, Burundi, tarehe 30 Aprili 1997: waliovamia seminari ndogo waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana hawakutengana. Waliuawa 40.

18. Kanisa langu lenyewe ndilo linalonitesa. Nihame?

Pitia swali la 2 kwanza, kwa uaminifu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, William Nagenda akiwemo, kwa kung'ang'ania kusali na kuhubiri alfajiri licha ya katazo. Uongozi ulikosea, naamini hivyo. Lakini nao walokole hawakuwa wepesi kuishi nao. Kuambiwa na mwanafunzi wako kila asubuhi kwamba hujaokoka kunachosha. La kujifunza ni walichofanya baadaye: wengi wao walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana, na kizazi kimoja mbele maaskofu wake wengi walitoka kwao. Kubaki si sheria. Ukikuta unyanyasaji au wizi unaofichwa, rudi swali la 10 na la 13.

19. Naweza kumwomba Mungu awapige wanaonitesa? Zaburi ya 109 si imo kwenye Biblia?

Imo, na ni kali. Ya 69 nayo imo, ambamo mtu anayesali analalamika kwamba walevi wamemtungia wimbo. Mwambie Mungu yote, hata yasiyofaa; ndiyo maana zaburi hizo hazikufutwa. Ila angalia: mwenye zaburi anampelekea Mungu kesi, kisha anamwachia. Ibada ya kutaja jina la jirani kwenye kipaza sauti na kuitikia "afe!" ni kitu kingine, na baadhi yetu tumeionea aibu kwa muda mrefu bila kusema.

20. Majirani wanalalamikia spika za mkesha wetu. Hawa si wanapinga Injili?

Mwanamke wa nyumba ya tatu ana mtoto wa wiki mbili, na mzee wa ng'ambo ana presha. Wangelalamikia pia kigodoro. Geuza spika zitazame ndani, zima ya nje ifikapo saa nne usiku, na nenda ukaombe radhi mchana ukiwa umevaa kawaida, bila Biblia mkononi. Wakija watu wa mazingira wa serikali na kipimo cha sauti, wape viti, na fundi mitambo apunguze kabla hawajakaa.